Tulivyowaandaa Madereva wa Mandera, na Kazi Ile Ilivyoharibiwa

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya tiba nilikabidhiwa kiti cha plastiki, ndoo mbili na dereva aliyekuwa akitapika. Msimamizi wa Yadi, mzee mfupi aliyevaa koti zito hata kwenye joto la Garissa, alisimama mlangoni akaniambia, "Kazi yako iko rahisi. Huyu mtu nataka arudi kwa gari. Kama hawezi, sema mapema, nitafute ingine."

Dereva aliinua uso kutoka kwenye ndoo. Alikuwa mrefu, macho mekundu, mashavu yamebonyea kwa kutafuna miraa.

"Huyu ndiyo daktari?" aliuliza.

"Daktari gani? Huyu ni mtu ya ndoo."

"Haye. Karibu, Baldi," alisema, akainama tena.

Baldi ni ndoo kwa Kisomali. Wasomali hawakuachi utembee bila jina la utani, na likishakushika hutalivua. Mpaka leo kuna watu Garissa wanaojua kwamba mimi ni Mpokomo wa kando ya mto, wanajua nyumbani kwangu, ila hawajui jina nililopewa na baba yangu. Dereva mwenyewe aliitwa Gurey, maana yake mtu wa mkono wa kushoto. Nilimfahamu muda mrefu sana kabla ya kujua kwamba jina lake halisi ni Abdirashid.

Naandika haya kwa vijana wanaoingia katika kazi ya tiba asilia, hasa wale wanaohudumia watu wa barabarani. Nataka wajue kazi ile ilifanywaje ilipokuwa ikifanywa vizuri, na iliharibiwa vipi. Msomaji akiona nimekasirika, ameona sawasawa. Sijawahi kukasirika kwa kelele, na sitaanza leo.

Kampuni ilikuwa na malori ya kubeba unga, sukari, mchele na mafuta ya kupikia kutoka Garissa kwenda Mandera, kupitia Modogashe, Habaswein, Wajir na El Wak. Kwenye ramani ni mstari mmoja tu. Kwenye usukani ni mchanga, mawe, vumbi, na laga, yaani mito mikavu ambayo mvua ikinyesha kwa mbali hujaa ghafla na kulimeza lori. Dereva alikaa njiani siku nyingi, akila akipata, akilala akiruhusiwa, na muda uliobaki miraa ndiyo iliyomshika macho. Akirudi yadi alikuwa amekauka kama ngozi iliyoanikwa. Siku chache baadaye anapakiwa tena.

Chumba cha tiba kilianzishwa na mama mmoja tuliyemwita Eedo, yaani shangazi, ingawa cheo chake rasmi kilikuwa Tabibu wa Kampuni. Alikuwa amemtibu mama yake Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaona kwamba mtu anayeweza kumsimamisha bibi kizee anaweza pia kumsimamisha dereva. Mimi kabla ya hapo nilikuwa karani wa stoo ya vipuri. Shule niliiacha mapema. Niliyoyajua kuhusu mwili niliyasoma mwenyewe katika vitabu vya mitumba, kimoja kikiwa hakina jalada wala sura ya ini. Eedo alinikuta nikisoma stoo akaniuliza figo ziko ngapi na ziko wapi. Nilipomjibu, alikwenda kwa Msimamizi akaniomba.

Alinifundisha kwanza kutazama. Unabana ngozi ya mgongo wa mkono kisha unaiachia. Ikibaki imesimama, mtu hana maji mwilini. Unabonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, kuna maji yaliyotuama, na huyo si wa kwetu, apelekwe hospitali. Unatazama ulimi, unatazama rangi ya mkojo kwenye chupa, unamuuliza alilala lini mara ya mwisho, kisha unamuuliza tena kwa namna nyingine kwa sababu jibu la kwanza ni uongo. Eedo hakuona aibu kusema, "Hii siwezi." Nimekutana na wengi wenye vyeti vya kila aina ambao sentensi hiyo haijawahi kutoka kinywani mwao.

Baada ya kutazama ndipo tiba ilianza, nayo ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza iliitwa kufungua, yaani kulainisha tumbo lililofungwa na miraa na chakula kikavu. Ya pili ni kujaza: maji yenye chumvi kidogo na asali, mchuzi wa nyama, uji, maziwa, na usingizi usiokatizwa. Tulimkanda mgongo na miguu kwa mafuta ya simsim ili damu itembee. Ya tatu, ambayo ndiyo ndefu, iliitwa kukaa. Hapo dereva hapewi dawa yoyote. Anakaa tu, bila miraa, mpaka mwili uzoee nguvu zake wenyewe.

Sehemu hizo hazikufanyiwa zote mjini. Tulianzia yadi, kisha tukampeleka dereva boma la ngamia la ndugu zake Eedo, nje ya Bura. Nasema Bura ya Fafi, si ile ya mashamba ng'ambo ya mto. Desturi hii si ya Eedo peke yake. Kwa Wasomali, mtu aliyedhoofika hupelekwa kwa ngamia akaishi kwa maziwa mpaka anenepe. Eedo aliipanga tu, akaiongezea kutazama na kupima.

Maziwa mabichi ya ngamia, hasa wakiwa wamekula vichaka vya chumvi, humfungua tumbo mtu ambaye hakuyazoea. Hapo ndipo penye hatari, na naomba msomaji asimame hapa kidogo. Tumbo likishafunguka, dereva huona mwili wake mwepesi. Macho yanang'aa. Anacheka, anaimba, anaulizia lori lake. Anadhani amepona. Kumbe amemwagwa tu. Hana maji, hana chumvi, hana chochote ndani yake, na huo wepesi ni wa gunia tupu. Eedo alijua jambo hilo, kwa hiyo dereva alipoanza kuimba, yeye alimnyang'anya viatu.

Sifanyi mzaha. Viatu vya kila dereva viliwekwa kwenye sanduku la Eedo mpaka sehemu ya tatu iishe. Nchi ile ni ya miiba, na mtu asiye na viatu haendi barabarani. Madereva walilalamika, walibembeleza, mmoja alijifunga vipande vya ngozi miguuni, akarudi kabla hajafika mbali. Mara ya kwanza Gurey alipopelekwa kule, alimwambia, "Eedo, wewe ni polisi ama ni tabibu?"

"Mimi ni mama yako mpaka nikupe viatu," alijibu. "Kunywa."

Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja. Dereva aliyerudi yadi aliketishwa kwenye lori lililozimwa, alasiri, joto likiwa limejaa ndani, mikono kwenye usukani, bila redio, bila simu, bila kutafuna kitu, mpaka jua lizame. Akisinzia, anarudi Bura. Gurey alisinzia mara ya kwanza. Mara ya pili aliteremka akiwa amelowa jasho, macho makavu, akaniambia, "Baldi, sasa niletee hata barabara mbili." Aliendesha miaka mingi baada ya hapo. Miraa hakuigusa tena. Alioa, akamwita mkewe Habiba aje kumsalimia Eedo kana kwamba anamleta kwa wazazi.

Nilihamishiwa Bura kuwa Mhudumu wa Kambi, na nilikaa huko muda mrefu. Nilipandishwa cheo Eedo alipofariki. Nikaitwa Mhudumu Mkuu, cheo ambacho hakikuwa na mtu chini yake wala sauti juu yake.

Hapo ndipo alipokuja Meneja wa Usafiri.

Alikuwa mpwa wa Mkurugenzi, kijana mwenye adabu, msomi wa biashara, shati jeupe kila siku. Sikumchukia mwanzoni. Alikipenda chumba chetu. Alileta mpiga picha, akaweka kibao kikubwa, akachapisha kwenye simu maneno kuhusu kutoa sumu mwilini. Nilimuuliza sumu ipi. Akasema sumu kwa ujumla. Nimeuliza swali hilo kwa watu wengi wanaouza chupa za kutoa sumu, na bado hakuna aliyeniambia jina la sumu hiyo, inakaa kiungo gani, na wanajuaje kwamba imetoka.

Siku moja aliniita ofisini kwake.

"Baldi, hii kitu yenu ni nzuri sana. Lakini mbona inachukua muda? Gari iko hapa, mzigo iko hapa, dereva iko Bura anakunywa maziwa. Mimi niambie wateja nini?"

"Waambie dereva anapona."

"Sehemu gani ndiyo inafanya kazi zaidi?"

"Zote tatu."

"Hapana, mimi nauliza, madereva wenyewe wanasema sehemu gani wanasikia mwili nafuu?"

Nilimjibu kweli, kwamba wanasikia nafuu tumbo linapofunguka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuja kununua.

Wiki iliyofuata ikaanza ile iliyoitwa Dozi ya Alhamisi. Sanamaki, yale majani ya kuharisha ambayo kila duka la dawa za asili huuza, yalichemshwa na mpishi wa yadi, yakatiwa kwenye chupa za maji, na jina la chumba chetu likabandikwa juu. Dereva alikunywa Alhamisi, akaharisha, akaswali Ijumaa akiwa mwepesi, Jumamosi akapanda lori kwenda Mandera. Nilirudi ofisini bila kuitwa.

"Meneja, ile si tiba. Ni kuharisha."

"Eedo hakuwa anafungua watu?"

"Alikuwa akiwafungua, halafu anawajaza."

"Watajaza njiani. Hoteli ziko Modogashe, ziko Habaswein, ziko Wajir."

"Na kukaa?"

"Kwa gari si wanakaa?"

Alicheka, na karani wake akacheka. Sikucheka. Nilimweleza kwa utaratibu, kitu kimoja baada ya kingine, mtu asiye na maji mwilini anakuwaje kwenye usukani: kichwa kinauma, macho yanachelewa, mguu unachelewa kufika kwenye breki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema madereva wenyewe wameipenda. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonitia hasira zaidi. Walipanga foleni. Hakuna kitu kinachofanana na afya kama mwili uliotoka kuharisha, kwa siku moja.

Gurey alikataa ile dozi muda wote huo. Alisema tumbo lake alilikabidhi kwa Eedo na hajapewa ruhusa ya kulihamisha. Lakini mwaka ule nilianza kumwona vibaya. Kila nikifika yadi alikuwa ameshika mtungi wa maji. Anakunywa, anakwenda nyuma ya ukuta, anarudi, anakunywa tena. Mshipi wake ulikuwa na matundu mapya aliyoyatoboa kwa msumari. Nilimbana ngozi mkononi, ikasimama.

"Umeanza miraa?"

"Walaahi hapana. Nimeanza tu kuwa samaki."

Sikumpa hata kijiko cha asali. Nilimpeleka hospitali siku ileile, nikakaa naye kwenye benchi. Sukari yake ilikuwa juu kupita kiasi. Daktari, mwanamke mkali mwenye sauti ya chini, alimlaza, kisha akamwanzishia sindano za insulini na kumwambia asiendeshe mpaka amwone tena. Nilimuuliza kuhusu Bura na maziwa ya ngamia. Alisema anywe kama chakula, kwa kiasi, apime sukari kila siku, na sindano asiache hata akijisikia mzima. Nilimwona ana akili. Tulielewana kwa maneno machache kuliko nilivyowahi kuelewana na ofisi yangu.

Tukaenda Bura. Safari hii hapakuwa na kufungua, mwili wake ulikuwa umemwagika vya kutosha. Tulianzia kujaza. Insulini huharibika kwa joto, na kule hakuna friji, kwa hiyo niliweka chungu kimoja ndani ya kingine, katikati nikatia mchanga, mchanga nikaulowesha asubuhi na jioni, juu nikafunika kitambaa kibichi. Ndani palikuwa baridi. Gurey alipenda kuingiza mkono pale.

"Dawa yangu imepewa nyumba nzuri kuliko ya Habiba," alisema. "Akisikia ataniacha."

"Maziwa ni chakula chako," nilimwambia. "Iliyo kwenye chungu ndiyo dawa yako. Usizichanganye."

"Baldi, umekuwa daktari kweli. Zamani ulikuwa ndoo tu."

Alianza kupata rangi. Mashavu yalirudi. Habiba alipiga simu kila alasiri, na mumewe alipanda kichuguu kile ambacho mtandao hushika, peku, akikanyaga kwa uangalifu kama mbuzi. Maana viatu vyake nilivifungia kwenye sanduku. Nilikuwa nimeiendeleza desturi ile.

Meneja alikuja mchana, wingu likiwa limejaa upande wa kaskazini. Nililiona gari lake jeupe kabla ya kulisikia. Alisalimia kila mtu, akanywa maziwa aliyopewa, akakaa mkekani karibu na Gurey. Walikuwa ukoo mmoja, na Gurey ingawa ndiye mkubwa kwa umri alimwita adeer, yaani ami, kwa mpangilio wa nasaba yao.

"Umenona," Meneja alisema. "Mashallah."

"Alhamdulillahi, adeer."

"Mvua inakuja. Ikinyesha, laga zitajaa, Mandera hakuna unga. Watu wako wanapiga simu. Malori mawili yako tayari. Moja haina mtu anajua njia kama wewe."

Nilisema kabla Gurey hajajibu. "Daktari hajamruhusu."

"Mimi sisemi na wewe, Baldi. Nasema na mtoto wa ndugu yangu."

"Sema naye. Lakini daktari hajamruhusu, na mimi sijamruhusu. Yuko sehemu ya pili."

"Si amefunguka?"

"Hakufunguliwa. Ana kisukari."

"Na anakunywa maziwa ya ngamia. Maziwa ndiyo dawa ya kisukari, kila mtu anajua. Wewe mtu wa tiba ya asili, unapinga maziwa?"

Nimelitafakari swali hilo mara nyingi. Lilikuwa limeundwa kwa ustadi. Nikisema maziwa hayatoshi, naonekana nimeikana kazi yangu. Nilisema hayatoshi.

Gurey alikuwa akichora mchangani kwa kidole. Alisema polepole, "Adeer, sina viatu."

Alikuwa akinipa mimi nafasi, naamini hivyo. Alijua kwamba mbele ya mkubwa wa ukoo hawezi kusema hapana, lakini anaweza kukosa viatu. Meneja alinitazama. "Mpe viatu vyake."

"Siwezi."

"Baldi. Mpe."

"Atavipata akimaliza."

Aliinuka bila hasira, akaenda kwenye gari, akarudi na mfuko. Ndani mlikuwa na makubazi mapya ya ngozi, bado yamefungwa kwa karatasi. Alikuwa ameyanunua Garissa kabla ya kuja. Alikuwa ameuliza madereva, akajua tunachofanya kule, akaja amejiandaa. Aliyaweka mbele ya miguu ya Gurey kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo mkubwa hamfanyii mdogo, na hapo hapakuwa na namna tena. Gurey aliyavaa. Alinitazama, akajaribu kutabasamu.

"Ona, Baldi. Zimenitosha."

Nilimfungashia sindano na dawa ndani ya kitambaa kibichi, nikamwelekeza tena saa za kudunga, nikamwambia asinywe ile dozi ya yadi hata akilazimishwa. Aliahidi. Nilimpigia Habiba simu, naye akaenda yadi, akasimama getini, akaambiwa shughuli za safari si za wanawake.

Yaliyofuata niliyasikia kwa dereva wa lori la pili, aliyekuwa nyuma yake njia nzima. Gurey alitoa kile kitambaa yadini akauliza ataiwekaje dawa kwenye joto la lori. Meneja akasema joto litaiharibu, ni bora ibaki kwenye friji ya ofisi mpaka arudi, maana ni dawa ya gharama. Akaiweka kwa mkono wake, nyuma ya soda. Kisha akampa ile chupa. "Unaenda Mandera na tumbo nzito namna hii?" Mbele ya wenzake wote, Gurey akanywa.

Mpaka Modogashe alikuwa akiimba kwa sauti iliyosikika lori la nyuma. Wajir alikunywa maji bila kushiba. Baada ya Wajir alianza kutapika, na mwenzake alipomkaribia alisikia pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyooza, dalili ya mtu wa kisukari aliyekosa insulini. Akamwambia wageuze. Gurey akasema mvua iko nyuma yao, wakigeuka laga zitawafungia, ni bora wafike. Mbele ya El Wak lori lake lilipunguza mwendo, likaacha barabara, likasimama pembeni sawasawa. Alizima injini. Alivuta breki ya mkono. Mwenzake alipofungua mlango alimkuta amelaza kichwa kwenye usukani, na walipofika kituo cha afya cha karibu alikuwa ameshafariki.

Friji ya ofisi ilifanya kazi vizuri. Dawa haikuharibika hata kidogo.

Msibani Meneja alizungumza vizuri, kwa unyenyekevu. Alisema siku ya mtu ikifika imefika, na kwamba kampuni ilifanya kila kitu, marehemu alipelekwa kwenye kituo chake cha tiba, akatibiwa, akatoka. Wazee waliitikia. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na masufuria. Nilisimama. Si desturi mgeni kusimama katika mazungumzo yale, na kijana mmoja akanivuta shati nikae. Mzee wa ukoo, aliyekuwa amefumba macho muda wote, alimwambia aniache.

"Wewe ndiye uliyemtibu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulimaliza?"

"Sikumaliza."

"Ulimruhusu?"

"Sikumruhusu. Alichukuliwa."

Meneja alisema kwa upole, "Lakini, mzee, alikunywa dawa yao. Jina liko kwa chupa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hata ndoo zangu mbili hazikuwa zangu tena. Kazi ya Eedo, kutazama kwake, kungoja kwake, miaka yake yote pale mchangani, ilikuwa imegeuzwa karatasi ya kubandika kwenye chupa ya kuharisha. Nilieleza mbele ya wote kilichomo ndani ya chupa, dawa iliyoachwa kwenye friji, na daktari alichosema. Nilieleza bila kupaza sauti. Wazee walikaa tena siku nyingine bila mimi, wakamaliza jambo kwa njia zao, familia ikatunzwa, na Meneja akabaki ofisini kwake. Nasikia aliomba radhi. Mimi sikuombwa, wala sikuingoja.

Mimi nilihamishiwa Griftu, magharibi ya Wajir. Barua ilisema ni kwa manufaa ya kazi. Griftu kuna soko la mifugo, na nilipewa chumba cha mabati karibu nalo niwahudumie madereva wa malori ya ng'ombe na ngamia. Mkubwa wangu alikuwa Wakala wa Kituo, mtu mwema mwenye shughuli nyingi, ambaye kila asubuhi aliniuliza, "Wako wazima?" na kuondoka kabla ya jibu. Chupa za Alhamisi zilifika huko pia, kwenye katoni. Nilizimwaga nyuma ya chumba, moja baada ya nyingine, mpaka Wakala akaniona. Mwezi uliofuata niliandika barua ya kustaafu, nikiwa sijafika umri wa kuondoka kazini, nikarudi nyumbani kando ya mto.

Vijana huniuliza kama ninaamini tiba asilia. Naamini maji, chakula, usingizi na muda. Naamini mtu anayejua mpaka wa kazi yake. Siamini chochote kinachomrudisha mgonjwa kazini haraka kuliko anavyopona, hata kikitoka mtini, hata kikitoka kwa ngamia, hata kikiandikwa jina langu. Mkiajiriwa na mtu mwenye malori, jueni mapema kwamba anachotaka si afya ya dereva. Anataka dereva. Mtu huyo atawauliza ni sehemu gani ya tiba inayofanya kazi zaidi. Msimjibu.

Majuzi Habiba alikuja hapa nyumbani akiwa na shemeji yake, mdogo wake Gurey, ambaye naye ni dereva. Ana homa iliyomkausha na miguu inamtetemeka. Amepewa lori lilelile. Habiba hakukaa. Alisema, "Huyu ni wako," akarudi mjini kwa watoto.

Nimempima, nimempeleka kwa yule daktari, si kisukari, ni malaria na uchovu. Amemeza dawa zake, amekunywa uji. Sasa amelala chumba cha ndani, na mimi nimekaa mlangoni nikiandika. Meneja amepiga simu leo asubuhi. Sauti yake bado ina adabu.

"Baldi, asalaam aleikum. Huyo kijana anaendeleaje?"

"Amelala."

"Ataamka saa ngapi?"

Nilikata simu, nikaizima, nikasogeza kiti changu mpaka katikati ya mlango.